Ukiitwa Usiitike

Kila Jumamosi saa nne asubuhi watoto wa Maji ya Chai walikwenda zamani, wakarudi kabla ya chakula cha mchana. Kiingilio kilikuwa shilingi hamsini. Asiye na hamsini alileta mayai mawili, na asiye na mayai alichungulia kwenye tundu la bati mpaka Tabitha alipomtoa kwa fagio.

Safari hiyo ilifanyika kwenye banda la video la Elisaria, nyuma ya nyumba aliyopanga na mkewe Tabitha karibu na daraja la mto, kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Ndani mlikuwa na mabenchi saba, televisheni, deki, na mkanda mmoja wa katuni uliopendwa kuliko mikanda yote ya ngumi na risasi waliyoonyeshwa watu wazima jioni. Katuni yenyewe ilikuwa ya msichana mwenye nywele nyekundu na mbwa mnene anayeogopa paka. Msichana anarudi nyuma miaka sitini, anamkuta bibi yake akiwa mtoto wa rika lake, wanacheza, wanagombana, wanapatana, na mwisho inambidi amuage bila kumwambia yeye ni nani. Pale kwenye kuagana hata wale wavulana wakorofi wa benchi la nyuma walijifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Mkanda ulisema Kiingereza na watoto hawakukijua, kwa hiyo Elisaria alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti akitafsiri. "Haya, watazamaji wangu, msichana wetu..." Ndivyo alivyoanza kila mara, kwa sauti nzito aliyoinoa kwenye kwaya ya Kilutheri huko kwao Machame. Mzungu wa kwenye katuni akiongea dakika mbili nzima, Elisaria alimaliza kwa neno moja: "Amekataa." Akisema neno moja, Elisaria alieleza mpaka mbwa akatoka nje na kurudi. Watu walisema Mangi huyu, kama walivyomwita kila Mchaga, Kiingereza alikipata kwa wazungu wa kiwandani, kabla kiwanda hakijabinafsishwa na yeye kupunguzwa. Mwenyewe hakusema ndiyo, hakusema hapana. Miaka ile kila kitu kiliruhusiwa kuuzwa, hadi maji ndani ya chupa, na Kiingereza cha Elisaria nacho kilipata wateja wake.

Kitu kimoja tu kiliwachanganya watoto, nacho ni njia ya kwenda zamani. Kwenye kioo palionekana mwanga unaozunguka na msichana akiambiwa maneno mengi ndani yake. Jumamosi hii Elisaria angesema amezunguka mti mara saba. Jumamosi ijayo ameingia kisimani. Nyingine amelala kwenye kibanda cha kukobolea kahawa. Watoto walibishana wiki nzima, kisha wakarudi na hamsini zao kuhakikisha.

Aikande, binti wa Elisaria na mtoto wake wa pekee, alikuwa na miaka tisa. Alikaa benchi la mbele, midomo ikimcheza pamoja na ya msichana wa katuni, na kila tukio alilijua kabla halijafika. Mwezi Septemba malaria ilimlaza, akakosa Jumamosi tatu mfululizo, akalia kuliko alivyolilia sindano. Ndipo baba yake alipokaa ukingoni mwa kitanda akamsimulia katuni nzima bila televisheni, sauti ya bibi, sauti ya mbwa na zote. Tabitha alikuwa jikoni. Alichosikia ni vicheko tu, akamshukuru Mungu kwamba mtoto anacheka.

*

Jumamosi moja ya Novemba, mwaka ule wa mvua ambazo redio ilizipa jina la kigeni, umeme ulikatika asubuhi mapema. Watoto walirudishwa makwao na hamsini zao. Elisaria alipanda kifodi cha abiria kwenda Arusha kubadilisha mikanda, Tabitha akaenda sokoni Tengeru. Aikande aliachiwa ufunguo wa banda afagie.

Saa sita umeme ukarudi. Mtoto alitazama huku na huku. Alitaka kuona pale kwenye kuagana tu, basi. Akaweka mkanda.

Deki ikakwama, ikanguruma kama paka aliyekanyagwa, ikaanza kuutafuna. Aikande alikwisha kumwona baba yake mara nyingi akifungua kifuniko na kuuvuta mkanda taratibu kwa vidole. Vidole vyake havikufika. Akaleta kisu cha jikoni. Cheche iliruka, moshi mwembamba ukatoka, na mkanda ukakatika. Alipozidi kuvuta ulimfuata mikononi, mita kwa mita, mweusi na wenye kumeta, na hakujua aurudishe wapi.

Elisaria aliporudi, saa nane na nusu, aliona kisu kwanza. Kisha akaona kilichobaki cha deki. Ile deki ndiyo ilikuwa miaka yake kumi na minne ya kiwandani, yote, maana malipo yake ya kuachishwa kazi yaliishia hapo na kwenye televisheni. Alisimama mlangoni mwa banda akapaza ile sauti yake ambayo haikuhitaji kipaza sauti.

"Aikande! Aikande, we!"

Aikande alikuwa hatua kumi kutoka pale, amechutama nyuma ya migomba, magoti yamebana kidevu. Hakuthubutu kuitika.

"Mtoto gani huyu? Mtoto gani anamwua baba yake kwa kisu? Hadi jana nilikuwa na mtoto. Leo sina! Mnasikia? Hadi jana! Leo asije hapa akaniita baba!"

Majirani walisikia. Tabitha naye, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia uani na kikapu kichwani, alisikia.

"Baba Aikande, maneno gani hayo?"

"Njoo uone. Njoo uone tutakula nini."

Tabitha aliweka kikapu chini, akaingia, akatazama. Alijifuta shingo kwa kanga.

"Yuko wapi?"

"Deki imekufa, wewe unauliza mtoto!"

"Ndiyo, nauliza mtoto. Yuko wapi?"

Kwenye migomba hapakuwa na mtu tena.

*

Saa tisa Elisaria alikuwa bado anasema atarudi tu, njaa itamleta. Saa kumi alinyamaza, akawa anatoka barabarani na kurudi, anatoka na kurudi. Tabitha alikwisha kuzunguka nyumba za jirani zote, kanisani na dukani, na jasho alilokuwa nalo halikuwa la jua.

Joyce, rafiki wa Aikande wa nyumba ya tatu, aliletwa na mama yake akiwa amemshika mkono.

"Sema ulichoniambia," mama yake alimhimiza.

"Shikamoo, mama Aikande."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Aikande ameenda jana."

"Jana alikuwa hapa, Joyce. Leo ndiyo hayupo."

"Si hivyo, mama." Joyce alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mzima asiyeelewa somo jepesi. "Amekwenda jana leo hii. Kama msichana wa kwenye video. Alisema akifika jana hatagusa deki. Halafu baba yake atakuwa na mtoto."

Mtu mmoja aliyekuwa amesimama uani alicheka. Alipoona ni yeye peke yake anayecheka, aliacha. Elisaria, aliyekuwa anarudi kutoka barabarani, alisimama. Maneno yake ya mchana yalikuwa yamerudi, tena kwa mdomo wa mtoto wa watu.

"Amepita njia gani?" Tabitha aliuliza. "Hakukwambia?"

"Hakusema, ila ni kwenye mti," alisema Joyce. Lakini mtoto mwingine akasema si mtini, ni kisimani. Wa tatu akaapa kwa jina la Mungu kwamba ni kibanda cha kahawa, alisikia kwa masikio yake na hamsini alilipa. Uani pakawa na kelele za watoto, kila mmoja na njia yake ya kwenda zamani.

Wakati huo alikuwa amefika mwalimu Hedwiga, aliyefundisha Kiingereza shule ya msingi. Watu walimgeukia.

"Mwalimu, katuni ile umeiona?"

"Niliiona kwa dada yangu Moshono, hata mara mbili. Ni nzuri sana." Alimtazama Elisaria, akasita. Alikuwa mwanamke mpole asiyependa kumvua mtu nguo hadharani, lakini jua lilikuwa linashuka. "Ila haina mti. Haina kisima. Msichana anaingia kwenye kabati la saa ya babu yake. Na pale kwenye mwanga anaambiwa atatazama tu. Yaliyopita hayatengenezwi. Ndivyo wanavyosema."

Watu wote walimtazama Elisaria, na Elisaria akatazama viatu vyake vya kwenda mjini.

"Kiingereza sijui," alisema. "Salamu najua, na majina ya mashine. Hayo mengine nilikuwa natunga."

"Ee! Yaani miaka miwili?" alisema mama Joyce. "Tumeleta mayai miaka miwili kusikiliza uongo?"

"Najua kwamba hajui," Tabitha alimkata. "Tangu siku ya kwanza najua. Mayai yako nitakurudishia, mama Joyce, na kuku juu. Sasa tumtafute mtoto. Mti, kisima, kibanda. Tugawane."

Aibu hiyo, ambayo siku nyingine ingemfanya Elisaria ahame kijiji, ilimpita juu juu. Ana aibu gani mtu ambaye mtoto wake hajulikani alipo?

Wakagawana. Kundi moja lilikwenda kwenye mti mkubwa wa mringaringa nyuma ya shule, wakatazama hadi matawini. Jingine lilimulika kisima kwa tochi, na kijana mmoja akashushwa kwa kamba huku Tabitha akiwa ameziba mdomo kwa kanga, mpaka aliposema hakuna kitu, ndoo tu. Kibanda cha kahawa kilikuwa na popo. Wengine walielekea upande wa Kikatiti, wakivuka daraja la mto kwa miguu, wakiita kwa zamu.

"Aikandeee!"

Hakuna jibu.

Chini ya miguu yao, mtoto alisikia kila neno. Alikuwa amekaa kwenye mguu wa zege wa daraja, mahali penye upana wa benchi la kanisani, mgongo ukutani na uso kuelekea mto unakotoka. Alitambua sauti ya mwalimu wake. Alitambua sauti ya mama Joyce. Akafumba macho kwa nguvu zaidi. Lori lilipita juu, zege likatetemeka mgongoni mwake.

"Sitini na moja," alisema polepole.

*

Lemburis, Mwarusha aliyechunga mbuzi kando ya mto, alikuwa akiwakimbiza mbuzi wake kuelekea juu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Aliwakuta Elisaria na Tabitha kwenye njia ya kisimani.

"Msiende mtoni," alisema. "Meru imefunga mawingu tangu mchana. Mvua ya huko ni kubwa. Mto unakuja."

Elisaria alitazama angani. Hapo walipo hapakuwa na hata tone. Jua zuri la jioni lilikuwa linawaka. Lakini mlima haukuonekana. Mahali pake palikuwa na ukuta mweusi.

"Tunatafuta mtoto," Tabitha alisema.

"Nimesikia mkiita. Mbona haitiki?"

Swali lilikuwa jepesi, swali la mchungaji. Mbuzi aliyepotea akiitwa hulia. Asipolia ujue amekufa ama ameziba masikio. Tabitha aligeuka akamtazama mumewe.

"Kweli. Mbona haitiki?" Kisha akasema taratibu: "Baba Aikande. Hizo Jumamosi zote mimi nilikuwa mlangoni, najua ulichosema. Mti, kisima, kibanda. Lakini alipokuwa na malaria sikuwapo chumbani. Ulimwambia nini?"

Elisaria alikuwa ametunga njia nyingi mno. Hakuna aliyokuwa ameihifadhi. Alijaribu kukumbuka chumba, kitanda, harufu ya dawa. Mtoto alikuwa na homa, na kila gari lilipopita darajani kitanda kilitikisika kidogo, naye alikuwa anauliza, baba, hilo ni lori? Hilo ni basi?

Akageukia barabara.

"Daraja," alisema.

"Nini?"

"Nilimwambia anakaa chini ya daraja. Anatazama mto unakotoka, anafumba macho, anahesabu magari mia yakipita juu. La mia likipita, akifumbua macho ni jana." Alishika kichwa. "Na nikamwambia asiitike. Tabitha, nilimwambia watamwita kwa sauti ya mama, watamwita kwa sauti ya baba, asiitike wala asifumbue macho, kwa sababu anayemwita hamwoni. Akiitika tu, amepotea."

Hilo hakulitunga. Hilo lilikuwa la bibi yake kule Machame. Ukiitwa na usiyemwona, usiitike, alisema bibi kila jioni, na Elisaria na ndugu zake walikua wakilishika kama Baba Yetu. Alikuwa amelichomeka tu kwenye hadithi ili inoge, na mtoto mgonjwa alifungua macho makubwa, ikanoga kweli.

Tabitha alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.

*

Maji ya mto ule siku zote yana rangi ya chai, ndiyo maana ya jina la kijiji. Jioni ile yalikuwa yamekuwa mazito, yamebeba majani, matawi na ndala moja nyekundu. Hayakuwa yanapiga kelele bado. Yalikuwa yanapanda tu, bila haraka, na sehemu ya nchi kavu kati ya ukingo na mguu wa daraja, ambapo mtoto alipita saa tisa bila kulowa nyayo, ilikuwa imezama kufika kifuani mwa mtu mzima.

Walimwona. Alikuwa mdogo mno chini ya zege lile. Miguu alikuwa ameikunja, na maji yalikuwa yanalamba ukingo alipokalia.

"Aikande!" Tabitha alipiga kelele. "Aikande, mwanangu! Mama huyu!"

Mtoto aliziba masikio kwa viganja.

"Aikande!" Elisaria naye aliita. "Ni baba! Fumbua macho!"

Kila walivyoita ndivyo alivyojikunja. Elisaria alielewa: hayo ndiyo aliyomwambia yatatokea. Watamwita kwa sauti ya mama. Watamwita kwa sauti ya baba.

Lemburis, aliyewaacha mbuzi akawafuata, alivua makubazi, akafunga shuka yake kiunoni na ncha ya kamba ya kisimani kwenye shuka. Wanaume watatu walishika ncha nyingine. Aliingia akipima kwa fimbo, hatua moja, hatua ya pili, maji yakamfika kifuani, akasimama umbali wa mkono na nusu kutoka kwa mtoto. Mkondo ulimyumbisha.

"Sisogei zaidi!" alipaza sauti. "Aje yeye. Nikimshika kwa nguvu akanikataa, tunakwenda wote!"

Juu ya daraja watu walikuwa wamejaa, na magari yalikuwa yamesimama. Abiria walikuwa wameshuka kuangalia. Kutoka mlimani ulianza kusikika mngurumo wa chini, kama wa magari mengi mbali, ila haukupungua.

"Ndiyo huo," alisema Lemburis.

Tabitha alimkamata mumewe ukosi wa shati. "Usimwite," alisema. "Msimulie."

"Nini?"

"Msimulie! Kama Jumamosi!"

Elisaria alikohoa. Sauti ile iliyojaza banda zima miaka miwili haikutoka. Kilichotoka ni mkwaruzo. Alijaribu tena, mbele ya majirani waliojua sasa kwamba ni mwongo, mbele ya abiria wa mabasi wasiomjua.

"Haya," alisema. "Haya, watazamaji wangu. Msichana wetu..."

Viganja vya mtoto vililegea masikioni.

"Msichana wetu amekaa chini ya daraja. Ni msichana hodari. Amehesabu magari yote, na sasa, watazamaji, mia imetimia."

"Bado!" alipiga kelele Aikande, macho amefumba. "Tisini na sita! Bado manne!"

Tabitha alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko. Mtoto alikuwa amejibu. Hakumjibu baba, alimjibu mtafsiri.

Magari manne, na juu hapakuwa na gari linalotembea. Yote yalikuwa yamesimama kwa ajili yake. Mwalimu Hedwiga ndiye aliyeelewa kwanza. Alikimbia katikati ya barabara akipunga mikono yote miwili, kilemba kikamtoka.

"Piteni!" aliwapigia kelele madereva. "Ondoeni magari! Piteni darajani! Nyie watu, tokeni njiani!"

"Mama, kuna mtoto huko chini!" alisema dereva wa lori.

"Kwa ajili ya huyo mtoto! Pita, kaka, nakuomba, pita!"

Lori lilinguruma, likavuta, likapita. Daraja likatetemeka.

"Tisini na saba," alisema mtoto.

Kifodi kikapita kitupu, abiria wake wamebaki pembeni. Tisini na nane. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vyake, naye akainuka akachuchumaa. Basi la Moshi lilizimika. Dereva alilitia moto mara ya kwanza, likakohoa. Mara ya pili. Wanawake darajani walikuwa wanasali kwa sauti, na mama Joyce, aliyedai mayai yake, alikuwa amepiga magoti kwenye lami. Mara ya tatu likawaka.

"Tisini na tisa."

Hapakuwa na gari jingine upande huo. Foleni ya upande wa pili ilikuwa imezibwa na watu. Mngurumo wa mlimani sasa ulisikiwa na kila mtu. Hedwiga alipiga ngumi kwenye boneti ya pikapu ya ndizi iliyokuwa imekwama katikati ya umati. Watu wenyewe wakaisukuma, mikono kwa mabega, ikavuka daraja injini imezimwa na matairi yakilia.

Aikande alitega sikio. Kisha akafumbua macho.

Alimwona mtu mzima ndani ya maji, na maji yenyewe, na hapo ndipo hofu ilipomshika kweli. Midomo ilianza kumcheza bila sauti.

"Na sasa," alisema Elisaria haraka, sauti imemrudia, "msichana wetu anasimama polepole. Mkono wa kushoto unashika ukuta. Hivyo hivyo. Mbele yake kuna mchungaji. Mchungaji huyu hayumo kwenye hadithi, watazamaji, huyu ni wa kweli, anaitwa Lemburis. Msichana hatazami maji. Anamtazama Lemburis machoni. Anapiga hatua moja. Anapiga ya pili. Ananyoosha mkono..."

Mguu wa mtoto uliteleza. Lemburis aliachia fimbo, akajirusha, akamdaka kwapani, na wote wawili walizama. Kamba ilikaza. Wanaume watatu wakawa watano, wakawa kumi, wakivuta na kurudi nyuma kwenye tope, na walipoviona vichwa viwili tena, Tabitha alikuwa ndani ya maji kufika magotini, akimnyakua mwanawe kwa nguo, kwa nywele, kwa chochote.

Walikuwa bado wanapanda ukingo mto ulipofika. Ulikuja na gogo, na mabati ya nyumba ya mtu. Ule mguu wa zege ulipotea chini ya maji.

*

Walimfunika kwa shuka na kanga tatu. Lemburis alikaa kando akitema maji na kuwatukana mbuzi wake kwa Kimaasai, maana hakujua walikokwenda. Aikande alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Alimtazama mama yake, kisha akamtazama baba yake aliyepiga magoti mbele yake kwenye tope na suruali yake ya kwenda mjini.

"Deki imepona?" aliuliza.

Watu walisubiri. Uongo wa mganga ni nafuu ya mgonjwa, na mtu huyu uongo alikuwa nao wa kutosha.

"Haijapona," alisema Elisaria. "Imekufa kabisa."

"Basi bado ni leo."

"Bado ni leo."

Mtoto aliinamisha kichwa. Machozi yalianza kumtoka polepole, bila sauti, kama mtu aliyefanya kila alichoambiwa na bado akashindwa.

"Nilihesabu vizuri," alisema. "Sikuitika hata mara moja. Hata mama nilipomsikia."

"Najua."

"Leo huna mtoto. Ulisema."

 Elisaria, aliyekuwa na maneno ya kila mzungu na kila mbwa, alijaribu kuanza kwa ile sauti ya kibandani, "Haya, wa...", akaiacha. Akalia. Alilia vibaya, kamasi na zote, mbele ya mama Joyce na abiria wa Moshi, na hakujifuta.

Kisha akasogea mpaka magoti yao yakagusana, uso wake ukawa mbele ya uso wa mtoto, mahali ambapo hawezi kutoonekana.

"Aikande," aliita.

Mtoto hakuitika. Alimtazama macho, akatazama pua, akatazama mdomo uliotoa sauti.

"Aikande."

Mkono mdogo ulitoka ndani ya kanga, wa baridi kama wa samaki, ukamgusa baba shavuni, ukakaa hapo.

"Aikande."

"Abee, baba."